Mbolea ya ruzuku na vibarua wa shamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Kamwene. Kila mwaka kifuku, msimu wetu wa mvua, kikikaribia, kuanzia Iringa na Makambako hadi Mbozi na Rungwe, maswali ya wakulima huja kwa mafungu mawili. La kwanza ni mbolea: itafika lini, kwa bei gani, nani ana haki ya kuipata. La pili ni watu: nani atapanda, nani atapalilia, na walipwe nini. Fungu la kwanza lina majibu mengi ya serikali. La pili lina machache mno. Nimeyaweka pamoja kwa makusudi, maana mkulima huyalipia yote kutoka mfuko uleule.

Ruzuku hii ilianzaje, na nani anailipa?

Ilizinduliwa hapahapa Mbeya. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye kilele cha Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba serikali itabeba sehemu ya bei ya mbolea. Kwa msimu huo wa 2022/23 zilitengwa shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umefika 131,000 na ushee, ukashushwa hadi 70,000. Urea, mbolea ya kukuzia, ikatoka 124,000 na ushee hadi 70,000 pia. CAN na SA, nazo za kukuzia, zikawa 60,000 na 50,000.

Fedha ya ruzuku haipiti mkononi mwako. Wewe unalipa bei iliyopunguzwa, wakala anaingiza mauzo kwenye mfumo kwa namba yako ya usajili, halafu serikali inamlipa mfanyabiashara tofauti iliyobaki. Ndiyo maana wakala hukataa katakata kukuuzia kwa bei ya ruzuku bila namba: akifanya hivyo, lile pengo analiziba mwenyewe.

Kwa nini bei ilipaa namna ile mwaka 2022?

Mbolea nyingi tunayotumia inatoka nje, na urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ilipopanda duniani mwaka 2021, urea ikapanda nayo. China ikabana mauzo yake ya nje, kisha Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea ulimwenguni. Juu ya hayo weka safari ya kutoka bandari ya Dar es Salaam kwa lori au kwa reli ya TAZARA hadi huku juu, kisha barabara ya udongo ya kwenda Makete au Ludewa. Viwanda vya ndani vipo: Minjingu kule Manyara wanachimba fosfeti, na kipo kiwanda cha Itracom pale Dodoma. Hata hivyo urea yetu bado inakuja kwa meli.

Zile vocha za zamani ziliishia wapi?

Mpango wa vocha ulianza kwa upana msimu wa 2008/09 na ukafifia baada ya 2013/14. Kaya ilipewa vocha za pembejeo za ekari moja tu, yaani mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu bora, na kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyochagua nani apate. Mkulima aliongeza fedha yake kukamilisha bei. Malalamiko yalikuwa mengi: waliochaguliwa kwa undugu, vocha zilizouzwa kabla hazijafika dukani, saini za watu ambao hata hawakuwahi kuona mfuko.

Mfumo wa sasa unatumia namba badala ya karatasi, na haubagui kwa kuchagua kaya chache. Hilo naliona ni jema. Una taabu zake nyingine. Msimu wa kwanza foleni kwa mawakala zilikuwa ndefu, mtandao ukikatika kazi inasimama, na mkulima wa kijiji cha mbali hulipa nauli na usafirishaji unaokula sehemu ya kile alichopunguziwa.

Nijisajili wapi?

Ofisi ya kijiji au mtaa, kwa mtendaji, akishirikiana na afisa ugani. Nenda na kitambulisho, namba ya simu inayopatikana, na taarifa za kweli za shamba: lilipo, ukubwa wake, na zao. Kiasi cha mbolea utakachoruhusiwa kununua kinatokana na ekari na zao ulilotaja. Wapo wanaotaja ekari kumi wakati wanalima mbili, na wapo wanaotaja moja kwa kuogopa kodi. Wote wawili hujikwaa dirishani kwa wakala.

Ulijisajili mwaka jana? Usianze upya, utaleta namba mbili. Nenda ukahuishe taarifa zako, na fanya hivyo Agosti au Septemba wakati mtendaji hana msongamano. Novemba kila mtu yuko pale.

Mume wangu ndiye aliyesajiliwa na yuko machimboni Chunya. Mimi ndiye ninayelima. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa na akina mama wengi kuliko inavyodhaniwa. Kama simu iliyosajiliwa iko mfukoni mwa baba huko Chunya, ujumbe wa mfumo unamfuata yeye, na wewe unabaki umesimama dukani. Dada yangu, shamba unalolilima wewe lisajiliwe kwa jina lako na kwa simu yako. Hilo halimnyang'anyi mtu ardhi. Usajili wa pembejeo si hati ya kumiliki shamba. Hivyohivyo kwa anayekodi: beba maandishi ya makubaliano au mwende na mwenye shamba, mtendaji aone nani hasa analima msimu huo, mfuko usije ukahesabiwa kwa watu wawili.

Bei za 2022 ndizo za sasa?

Hapana. Bei elekezi hutolewa upya na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, na huenda zikatofautiana kulingana na umbali. Tangazo la msimu husika linapaswa kubandikwa dukani kwa wakala na kwenye ofisi ya kata. Lisome kabla hujatoa fedha. Tangu 2024/25 ruzuku imefika pia kwenye mbegu za mahindi, kwa hiyo uliza vyote viwili kwa safari moja.

CAN ni rahisi kuliko urea. Si ndiyo ninunue?

Rahisi kwa mfuko, ghali kwa chakula cha mmea. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. CAN ina asilimia 27 hivi, kilo 13 na nusu. SA ina asilimia 21, kilo 10 na nusu. Ukizigawa bei za 2022, kilo moja ya naitrojeni ndani ya urea ilikuwa kama shilingi 3,040. Ndani ya CAN kama 4,440. Ndani ya SA kama 4,760. Rudia hesabu hiyo kwa bei ya mwaka wako, haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu.

Ila bei si neno la mwisho. Udongo wa maeneo yenye mvua nyingi, kama Njombe, Mufindi na Rungwe, mara nyingi una asidi, na SA huongeza asidi hiyo haraka kuliko zote. Urea nayo huongeza, kwa kiasi kidogo zaidi. CAN inafaa zaidi kwa udongo wa namna hiyo, na haipotei hewani kirahisi ikibaki juu ya ardhi. Kama shamba limekuwa likipata mbolea kila mwaka na mavuno bado yanashuka, pima udongo kabla ya kuongeza mfuko mwingine. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wanapima, na maafisa ugani waligawiwa vifaa vya kupimia pamoja na zile pikipiki za mwaka 2022. Pengine unachohitaji ni chokaa. Kwenye udongo wa volkano wa Rungwe kuna jambo jingine: udongo wenyewe huishika fosforasi na kuinyima mizizi, hivyo DAP iliyotawanywa juujuu huko ni hasara, iweke shimoni, karibu na mbegu lakini isiiguse.

Kipimo kwa shimo ni kipi?

Mahindi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, yana mashimo karibu 9,000 kwa ekari. Mfuko mmoja wa DAP ukigawanywa hapo unatoa gramu tano na nusu kila shimo, ambayo ni kizibo kimoja cha soda. Weka mbolea, funika kwa udongo kidogo, kisha mbegu. Ya kukuzia huwekwa mahindi yakiwa usawa wa magoti, baada ya palizi, udongo ukiwa na unyevu, na urea ifukiwe. Ukiiacha juu kwenye jua sehemu yake hugeuka hewa na kuondoka.

Angalia sasa maneno niliyotumia: weka, funika, palilia, fukia. Mashimo 9,000, kila moja linaguswa na mkono wa mtu mara kadhaa. Hapo ndipo fungu la pili la maswali linapoanzia.

Serikali inatoa ruzuku ya vibarua?

Hapana. Ruzuku iko kwenye mfuko na kwenye mbegu. Mikono ni juu yako.

Serikali zimewahi kujishughulisha sana na nguvukazi ya huku, kwa njia zisizofanana. Wakati wa mkoloni vijana wa Ubena na Ukinga walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro kama manamba, na nyumbani mashamba yakabaki kwa wanawake na wazee. Mwaka 1972 Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo, lilihimiza kilimo bora cha mbolea, mbegu na palizi ya wakati, na baadaye ukaja wito wa kilimo cha kufa na kupona. Siku hizi kuna programu ya BBT ya kuwaingiza vijana kwenye mashamba ya pamoja, lakini hiyo inamtafuta kijana awe mkulima. Kibarua wa kukupalilia Desemba hayumo ndani yake.

Kwa maoni yangu hapa ndipo sera imekatika katikati. Takwimu zinazosomwa bungeni ni za mifuko, na kweli zimepanda: msimu wa 2023/24 matumizi ya mbolea nchini yalipita tani 800,000. Hakuna anayesoma takwimu ya mahindi yaliyopewa DAP vizuri kisha yakamezwa na magugu kwa sababu palizi ilichelewa wiki tatu. Magugu nayo hula mbolea, tena hayana namba ya usajili.

Fanya hesabu hii. Kwa bei za 2022, mkulima wa ekari moja aliyenunua DAP mfuko mmoja na urea mfuko mmoja alipunguziwa kama shilingi 116,000 kwa jumla. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, ambazo kwa siku 26 za kazi ni kama 5,385 kwa siku. Ile nafuu ya ruzuku basi ni siku 21 za kibarua mmoja. Inatosha kupalilia ekari hiyo kwa wakati. Wengi wetu hatukuiona, kwa sababu tuliitumia kununua mfuko wa tatu.

Mbona vibarua wamekuwa adimu?

Kwa sababu wana pengine pa kwenda, na mimi siwalaumu. Mufindi kuna msitu wa Sao Hill, viwanda vya mbao na chai. Njombe na Rungwe parachichi limeleta kazi za kupogoa na kuchuma. Mbarali, mpunga unapopandikizwa kuanzia Januari, watu wanafuatwa hadi vijijini kwa magari. Chunya kuna dhahabu na tumbaku. Kila mji una bodaboda, na mabinti wa Iringa wanaitwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani tangu zamani. Kisha sote tunawataka wiki zilezile, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja na haimsubiri mtu.

Mgowe, ile desturi ya kuitana kulimiana, mwenye shamba akiandaa pombe na chakula, bado ipo vijiji kadhaa vya Uhehe na Ubena, ingawa imepungua. Pale ilipo, itumieni kwa kupanda, kazi ambayo wengi kwa siku moja wanaimaliza. Kwa kuweka mbolea nina wasiwasi nayo: ulanzi ukishakolea, kizibo cha soda kinakuwa konzi.

Nimlipe kwa siku au kwa ngwe?

Palizi na kulima, ngwe ni sawa: kazi inaonekana, na mwenye nguvu anamaliza mapema akaenda kwake. Kupanda na kuweka mbolea, lipa kwa siku. Anayelipwa kwa ngwe anakimbiza mistari, na mbolea utaikuta imemwagwa rundo mwisho wa ngwe, au imefichwa kichakani. Pimeni ngwe kwa kamba mbele ya wote wawili; hatua za miguu hurefuka kila mwaka.

Upande wa sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukimweka kijana shambani kutwa, mwezi hadi mwezi, huyo si deiwaka tena. Mwandikieni mkataba, hata ukurasa mmoja wa daftari: kazi gani, malipo kiasi gani, chakula na malazi vimo au havimo. Kima cha chini hubadilishwa kwa amri ya serikali, kwa hiyo muulize afisa kazi wa mkoa kiwango cha sasa kabla hujapanga bajeti.

Kulipa kwa simu kunaacha ushahidi kwa pande zote mbili. Na mlipe siku mliyokubaliana. Kijiji kizima kinajua nani hulipa "nikiuza mahindi", na huyo ndiye anayelalamika kila Desemba kwamba vijana ni wavivu.

Watoto wako likizo ya Desemba. Wanaweza kufanya kazi shambani?

Kusaidia nyumbani kazi nyepesi, kama kudondosha mbegu, ni malezi. Kumwajiri mtoto chini ya miaka 14 ni kosa. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kupiga dawa, kubeba mfuko wa kilo 50, kuendesha pawatila: hapana.

Nina vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka, Malawi na Zambia.

Wageni wanahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Najua Kyela na Tunduma undugu hauna mpaka. Sheria inao.

Dawa ya magugu si inamaliza tatizo la vibarua?

Inapunguza palizi, kweli. Lakini ukichanganya mahindi na maharage, kama wengi wa Mbozi na Rungwe, dawa zenye atrazini zitaua maharage yako huku mahindi yakistawi. Muuzaji wa duka asipokuuliza umepanda nini, mwambie wewe. Anayepiga avae buti, glovu, suruali na barakoa, asile kabla hajaoga, na chupa tupu isigeuzwe ya maji.

Hela haitoshi kwa vyote. Nipunguze kipi?

Punguza ekari. Najua jibu hili halipendwi. Mtu ana ekari tatu na fedha ya kuhudumia moja na nusu, lakini anaona aibu kuacha nyingine ipumzike, hivyo analima zote tatu, anatandaza mbolea nusu kizibo, na palizi inafika shamba la tatu mahindi yakiwa yamekwisha kuwa ya njano. Lima ekari na nusu kwa ukamilifu, nyingine ikodishe au ipande maharage ya Februari nguvu zikirudi.

Kama bado haitoshi hata hapo, weka mbolea ya kupandia yote, palizi ya kwanza ifanyike ndani ya wiki tatu baada ya kuota, na kinachopunguzwa kiwe ule mfuko wa pili wa kukuzia. Mfuko wa pili kwenye shamba chafu haulipi.

Mbolea imefika kijijini Januari, mahindi yamekwisha ota. DAP bado ina faida?

Ndogo sana. Fosforasi inahitajika mizizi ikiwa michanga, nayo haisafiri mbali udongoni. Nunua ya kukuzia. Kama una shamba la maharage la Februari au viazi mviringo, DAP au NPK uitumie huko. Kwa msimu ujao, nunua mapema, hata Septemba. Njaa ya fedha kipindi hicho naielewa, lakini magunia mawili ya mahindi yaliyowekwa pembeni wakati wa kuvuna kwa ajili ya mbolea na vibarua yatakusaidia kuliko mkopo wa riba.

Wakala anazidisha bei, au mfuko una mashaka. Niende wapi?

Usinunue mfuko uliofunguliwa na kushonwa upya kwa uzi usio wa kiwandani. Angalia lebo, uzito, na kampuni iliyosajiliwa. Dai risiti, iwe na bei uliyolipa kweli. Mwenye risiti anasikilizwa na mtendaji wa kata, ofisi ya kilimo ya halmashauri na TFRA. Asiye nayo anasimulia tu. Wanaohitaji kidogo waulize mifuko midogo iliyofungwa na kampuni yenyewe, badala ya kupimiwa kwa kopo.

Nikibakiwa, naweza kuivusha Tunduma nikauze? Bei huko ni nzuri.

Hapana. Mbolea ya ruzuku kuuzwa nje ya nchi ni kosa, na ukikamatwa mfuko unakwenda pamoja na lori. Hata kumuuzia jirani aliyeshindwa kujisajili kunaharibu hesabu za namba yako.

Basi hiyo iliyobaki niitunze vipi hadi mwakani?

Juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta, mdomo umefungwa kwa nguvu ndani ya nailoni, chumba kisicho na mahindi wala chumvi ya mifugo. Urea ikivuta unyevu inaganda; mabonge yakivunjwa bado inafaa. Andika mwaka kwa makaa juu ya mfuko, na Agosti ukienda kuhuisha usajili utaje kwamba unayo, ununue pungufu.